Yeremia, Shuka!

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Familia ya Mwalimu Isaka wa Ulemo inasikitika kutangaza kifo cha kandambili yake ya kulia, kilichotokea leo saa tatu na robo asubuhi katikati ya kupanda mwamba tunaouita Jiwe la shule, baada ya kuugua kamba kwa muda mrefu. Marehemu ameacha mjane, kandambili ya kushoto. Habari zimfikie fundi viatu wa Misigiri, aliyeapa itafika Krismasi, na Elina mke wangu, aliyesema haitafika Jumanne. Elina ameshinda kwa siku moja.

Nikamalizia kupanda peku. Nyuma yangu Darasa la Saba lote, watoto arobaini na mmoja, kila mmoja kabana pua na anavuta hewa kwa mrija wa soda. Ndivyo ninavyofundisha milima mirefu ya dunia kila mwaka. Ubaoni wanasahau. Ukimpandisha mtoto Jiwe anapumulia mrija, hasahau. Nikawaambia kule juu ya Everest, mita 8,849, hewa ni kama theluthi moja ya ile ya pwani. K2, 8,611. Kangchenjunga, 8,586 – jina hilo huliandika mara mbili na kukosea mara tatu.

Halafu wakataka hadithi. Wanaijua kuliko mimi. Mwaka 1998, Mwalimu kijana, anasubiri ajira, akaenda Moshi kubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Wabebaji kule wanaitwa wagumu. Siku ya kilele kichwa kinapasuka, tumbo linapinduka, mwenzake Yeremia akakaa chini akalia kama mtoto mchanga. Mwalimu akamwambia – na hapo darasa zima linaunguruma mpaka kuku wa jirani wanatawanyika – YEREMIA, SHUKA! Yeremia akashuka. Mwalimu akakaza meno, akafika kilele cha Kibo, mita 5,895.

Mtoto mmoja leo aliogopa pale Jiwe linapoinama. Wenzake wakaanza: Yeremia, shuka! Akapanda huku analia. Sikuwakataza. Huwa siwakatazi.

Jesca yuko Nepal, kambi ya chini ya Everest. Mwanangu! Naandika tena nione kama mkono utazoea. Jesca yuko Everest.

Alhamisi, 1 Mei 2025

Mei Mosi. Wafanyakazi wameandamana Kiomboi, mimi nimeandamana kwenda mashine ya alizeti ya Alute. Alute ni Mnyaturu, mimi Mnyiramba, makabila yetu ni watani, kwa hiyo ameruhusiwa kunitukana mpaka kufa kwake. Leo aliwaambia wateja wote wasogee, Mwalimu Kibo amekuja, asije akaishiwa hewa. Akauliza tena cheti changu cha kufika kileleni kiko wapi. Nikamjibu lile jibu langu la miaka yote: mgumu hapewi cheti, cheti ni cha mtalii. Ni kweli kabisa! Ndiyo maana nalipenda hilo jibu.

Wateja wakauliza habari za Jesca. Nikaeleza kama redio. Kwamba ni mwongoza watalii Kilimanjaro mwaka wa nne sasa, ameshafika Kibo zaidi ya mara thelathini. Kwamba wamechukuliwa wanawake sita wa Afrika wanaoongoza watalii milimani, wapande Everest pamoja. Kwamba hawapandi moja kwa moja. Wanapanda kambi ya kwanza, wanashuka, wanapanda ya pili, wanashuka, mwili uzoee. Mama mmoja akasema hiyo si safari, ni kwenda na kurudi shambani. Nimeipenda. Kesho naitumia darasani.

Alute akauliza akishindwa je? Mteja mmoja akamrukia: mtoto wa Kibo ashindwe? Anatoka ukoo wa Yeremia?

Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Kwa sauti kubwa kuliko wote, nadhani.

Jumapili, 4 Mei 2025

Somo la kwanza leo: Kitabu cha Nabii Yeremia. Vijana wa kwaya wakaanza kutikisika mabega. Mchungaji akasimama, akawatazama, halafu akanitazama mimi. Amehamia hapa mwaka wa tatu na tayari anajua ni kosa la nani.

Nimekokotoa. Miaka ishirini na sita ya kufundisha. Tuseme watoto arobaini kwa mwaka. Zaidi ya elfu moja wamepita katika hadithi ile. Hapa Ulemo golikipa akikimbia mpira ni Yeremia. Bwana harusi akitokwa jasho ni Yeremia. Elina ana jogoo anayeogopa mitetea, anaitwa hivyohivyo.

Mtu huyo alikuwepo kweli. Alikuwa na jino la mbele lililovunjika na alipenda ugali wa moto sana.

Basi.

Jumatano, 7 Mei 2025

Jesca amepiga, video. Nyumbani picha inakwamakwama, kwa hiyo nikapanda Jiwe, huko mtandao unashika vizuri. Saa tisa alasiri hapa, kule ni kumi na mbili kasoro robo. Sijui hizo dakika arobaini na tano waliziongeza kwa kazi gani.

Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Midomo imepasuka, mashavu meusi ya jua. Anakohoa. Ameshuka jana kutoka kambi ya pili, mita 6,400. Akanieleza yale maporomoko ya barafu: vipande vikubwa kama nyumba, vinalia usiku kucha, na juu ya nyufa wamelaza ngazi za aluminiamu, unapita na viatu vya meno ya chuma, chini yako hapana mwisho. Nikamwambia ningekuwa mimi ningepita kwa makalio. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kilichukua muda kumwachia.

Halafu akapunguza sauti. Kule kambi ya pili aliumwa kichwa usiku wote. Alitapika mara tatu. Asubuhi akitoka hemani alijikuta anaenda upande, kama mtu aliyelewa. Nikauliza, daktari wa msafara alisemaje? Hakumwambia. Kuna kile kifaa cha kubana kidoleni, kinapima oksijeni. Kabla ya kukiweka alivuta pumzi nzito nzito kama ishirini hivi, namba ikapanda. Wageni wake Kilimanjaro humfanyia hivyo, anawakamata. Sasa amefanya yeye.

Nikamwambia, Jesca, wewe si ndiye unayewashusha wageni wakianza kuyumba?

Akasema, wale ni wageni, baba. Mimi ni mtoto wa Kibo.

Anayejua ni Mingma tu, Msherpa anayepanda naye, kijana wa watu wa milima ile. Alimwona akiyumba. Anamsumbua kila siku, mwambie daktari, mwambie daktari, la sivyo nitamwambia mimi. Jesca akacheka. Akasema, baba, na mimi nimepewa Yeremia wangu!

Nilitakiwa kucheka. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Aliniona sijacheka.

Akasema usiwe na wasiwasi, kichwa kilikuuma na wewe, ukakaza. Nilikumbuka hilo tu, baba, usiku ule wote. Ndilo lililonivusha.

Wanaondoka kwenda kileleni usiku wa kuamkia Jumanne, hali ya hewa ikiruhusu.

Alhamisi, 8 Mei 2025

Nilipita zahanati. Winfrida, nesi wetu, alikuwa anachanja watoto. Nikasubiri kwenye benchi na wamama, mzee mzima. Nikamuuliza kama swali la somo: mtu yuko juu sana mlimani, anaumwa kichwa, anatapika, anayumba. Ni nini?

Akasema hiyo ya kuyumba ndiyo mbaya. Ubongo unavimba kwa kukosa hewa. Dawa zipo, oksijeni ipo, ila ya kwanza ni kushuka, na kushuka sasa hivi, si kesho. Anaweza kuamka asubuhi yuko vizuri, akajidanganya, akipanda tena juu zaidi ugonjwa unamrudia kwa nguvu. Ndani ya saa chache tu anaweza asiamke.

Halafu akanitazama. Lakini Mwalimu, wewe si ulipanda? Mbona unaniuliza mimi?

Nikasema nilitaka kuhakikisha.

Ana haki ya kushangaa. Alikuwa darasani kwangu mwaka 2005. Alibana pua, akapumulia mrija, akaunguruma na wenzake.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Nimepanda Jiwe asubuhi kumwambia Jesca. Akapokea. Nikamweleza habari za mbuzi kuzaa mapacha. Nikamweleza alizeti imekomaa. Nikamweleza kandambili imekufa. Akacheka sana. Anasema kikohozi kinapungua, anakula vizuri, anajisikia simba.

Nikamwambia awe mwangalifu. Hayo ndiyo niliyoyasema. *Uwe mwangalifu.* Hata kichaa huambiwa hivyo akivuka barabara.

Nimeshuka.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Labda anajisikia simba kweli.

Jumapili, 11 Mei 2025

Mwalimu Mkuu wetu, Benson, ana moyo mzuri na hiyo ndiyo shida yake. Ameandaa jambo bila kuniambia. Siku Jesca akifika kileleni, kengele ya shule itapigwa mpaka mkono uchoke. Na Jiwe litaandikwa. Edward, yule anayeandika mabango ya maduka, ameshaanza jana jioni. Rangi nyeupe ya mafuta, herufi zina urefu wa mtoto wa chekechea:

ISAKA – KIBO – 1998

Chini yake ameacha nafasi. JESCA – EVEREST – 2025. Hiyo itaandikwa baadaye. Baada ya ibada Benson akanipeleka nilione, akanishika bega, macho yamemjaa maji. Baba na binti, Mwalimu! Kijiji gani kingine Iramba kina hiki?

Alute alikuwepo. Aliyaangalia maandishi, akaniangalia, akasema Edward ameandika na mwaka, basi hapa hakuna kurudi. Alikuwa ananitania. Nadhani alikuwa ananitania.

Nafikiri zaidi habari za ile nafasi iliyobaki. Edward ameipimia kwa kamba, ameichora mistari ya chaki. Iko wazi kabisa. Inasubiri kitu chochote kiandikwe.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimemwambia Elina.

Ilikuwa saa nane, tunapura alizeti uani, kila mmoja na fimbo yake, anapiga na mimi napiga. Nikasema, Mama Jesca, kule Kibo sikufika. Fimbo yake ikaendelea. Nikasema, aliyekuwa anayumba ni mimi. Fimbo ikasimama.

Nikamweleza yote, na ya Jesca pia: kutapika, kuyumba, kile kifaa cha kidoleni. Alikuwa hajui. Nilimficha siku tano! Niliogopa kwamba nikimwambia ugonjwa, nitalazimika kumwambia na sababu ya Jesca kuuficha.

Alichoniambia alikisema kwa Kinyiramba na sitakiandika. Miaka ishirini na sita ya ndoa, nilidhani nimeyasikia maneno yote ya lugha yetu.

Halafu kwa Kiswahili, taratibu, kama anauliza njia: Na huyo Yeremia, yupo hai?

Nikasema sijui.

Hukumtafuta?

Sikumtafuta.

Akaitupa fimbo. Akasema, panda.

Alinisindikiza mpaka chini ya Jiwe. Goti lake haliwezi, kwa hiyo amekaa kwenye kivuli chini ya jina langu. Yaani amekaa chini ya KIBO. Mimi niko juu na simu, daftari, na kandambili mpya ambazo sijazizoea.

Nimepiga mara tisa. Haiiti. Jana Jesca aliandika kwamba theluji imeanza na mtandao wa kambi unasumbua. Pia aliandika kwamba leo wanalala mapema, waondoke saa nane ya usiku wa kwao, na mtandao huzimwa saa tatu. Saa tatu ya kwao ni kumi na mbili na robo yetu. Namba ya kiongozi wa msafara sina. Kila siku nilijiambia nitamuomba Jesca, kila siku nikaona atajua kwa nini naitaka.

Nilirekodi sauti. Haikuondoka, mzigo mkubwa. Nikaandika. Nanakili hapa nilichomwandikia, neno kwa neno, kwa sababu najijua. Kesho naweza kuanza kukitengeneza kiwe hadithi nzuri.

*Jesca mwanangu. Kabla hujalala soma hii mpaka mwisho. Baba yako hakufika Kibo. Hata mahali pa nusu saa kutoka kileleni sikufika. Ile siku wasaidizi wawili wa kiongozi waliumwa, tukachukuliwa wagumu wawili kusindikiza watalii, mimi na Yeremia. Yeye alikuwa anajaribiwa. Akimfikisha mgeni juu angepandishwa awe msaidizi wa kiongozi. Miaka sita alikuwa anaisubiri siku hiyo. Mimi nilikwenda kwa ubishi tu.*

*Kichwa kilianza kuniuma tangu kambi ya Horombo. Sikusema. Tulipopita lile pango juu ya Kibo Hut, ile kambi ya mwisho, nilitapika, nikayafukia matapishi kwa kokoto. Kulipoanza kupambazuka tulikuwa kwenye ule mteremko wa kokoto, unaupanda hatua moja unarudishwa nusu, unaujua. Nikaanza kwenda upande. Nikaona nyumba yetu ya Ulemo imejengwa pale. Nikamwambia Yeremia tumefika, nikakaa, nikaanza kuvua buti.*

*Kiongozi alisema aachwe hapo, tutampitia tukirudi. Yeremia akakataa. Kiongozi akamwambia ukishuka naye usirudi kwangu kuomba kazi. Mimi ndiye niliyelia, Jesca. Nililia kama mtoto mchanga, nikamtukana aniache nilale. Na neno lile la kushuka alilisema yeye, hakuliunguruma. Aliniambia, Isaka, ndugu yangu, twende tushuke.*

*Alinibeba mgongoni mpaka Kibo Hut. Kutoka pale wakanilaza kwenye machela ya gurudumu moja, akaisukuma na mwenzake mpaka Horombo. Nilipopata akili, alikuwa ananivua glavu. Zilikuwa zake. Vidole vyake viwili vilikuwa vyeupe kama nta. Nikamuuliza nyumbani nitawaambia nini. Akacheka, lile jino lake likaonekana. Akasema waambie umefika, nani atakwenda kuuliza? Halafu akasema, na uwasalimie sana watu wa Ulemo.*

*Salamu hizo sijazifikisha mpaka leo. Nilikuja nikawapa kitu kingine. Wewe ulizaliwa mwaka 2000. Angeniacha pale, usingekuwepo kwenda popote. Tafadhali nenda hemani kwa daktari usiku huu, mwambie ulivyotapika, mwambie ulivyoyumba, mwambie ulivyokidanganya kile kifaa. Akisema panda, panda. Akisema shuka, shuka, na mimi nitakuja kukupokea hata kwa miguu. Huyo Mingma, mshike mkono, mwambie baba yako anamsalimu.*

Basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimesoma mara mbili kuona kama nimejipendelea mahali. Kwenye “nilikwenda kwa ubishi” kidogo. Ilikuwa tamaa. Nilitaka kurudi na cha kusimulia.

Saa kumi na moja na dakika hamsini. Ujumbe una alama moja ya tiki. Umetoka kwangu, haujafika kwake. Zimebaki dakika ishirini na tano.

Elina ameita kutoka chini. Imefika?

Nimemwambia bado.

Akasema, basi usishuke.